Vikombe Tisa

Jirani yangu mtengeneza programu huongea na kompyuta kama anayemsuta shemeji mlevi. Huzima mtandao ule usio na waya, akauwasha, akaitumbulia macho tarakimu ya kumbukumbu iliyoliwa kwenye skrini, kisha akasonya. "Imepanda tena! Wewe utashiba lini?" Mikono yake ni laini kuliko ya mwanangu, ila kucha za vidole gumba kazitafuna mpaka zinatia huruma. Jana niliingia kwake na mtoto mgongoni analia. Kikombe cha mtoto chenye masikio mawili, ambacho bila hicho maziwa hayagusi, ndicho nilichompelekea jirani chai asubuhi kwa kukosa kingine. Hata hakugeuka. "Dada, nimemkamata mwizi! Kila programu ikitafuta mtandao inaazima kumbukumbu kidogo ya kompyuta. Ikiupata, inarudisha. Ikiukosa, inajiondokea kimya kimya. Siku ya tatu kompyuta imejaa, imeganda. Hivi mtu mwenye akili zake anaazima tu, harudishi?"

Nilikuwa nahesabu vikombe vyangu pale mezani, vikafika tisa. Akayafuata macho yangu, akakohoa, akaandika mstari mmoja. Tarakimu ikashuka. Kisha akainuka akaenda kuviosha mwenyewe, akianza na kile chenye masikio, na mtoto akanyamaza kabla hata ya maziwa.

Vijiko vyangu bado anavyo.