Yule Binti Tuliyemdhania Mzima

Mjomba wangu anatafsiri muvi. Ana duka Manzese, na nyuma ya duka kuna kichumba alichokipigilia magodoro ukutani kuzuia kelele. Humo ndimo wafalme, majoka na wachawi wa nchi za mbali wanapojifunzia Kiswahili. Mjomba anafungua sehemu mpya kwenye kompyuta, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, anayasema kwenye maiki papo hapo. Hatangulii kuiangalia hata kidogo. Wateja wapo mlangoni na flashi zao, muda wa kuangalia mara mbili anautoa wapi?

Mie niliingia kazini kwa sababu ya sauti yake. Akiigiza mwanamke, watu wanacheka hata pale panapotakiwa kilio. Ilipokuja tamthilia ya vijana wanaotafuta taji lililozama ziwani, akaniita.

"Wewe una sauti ya huruma. Nisaidie huyu binti."

Binti alikuwa na gauni jeupe, nywele zimelowa muda wote. Anaongozana na wenzake porini, anawauliza hili na lile, na hakuna anayemjibu isipokuwa kijana mmoja tu. Mjomba alimtazama kidogo, akaelewa. Au tuseme alidhani ameelewa.

"Huyu kasuswa," akasema. "Mtoto wa kambo. Wamekubaliana wasimsemeshe."

Nami nikaingia na moyo wangu wote: "Jamani, hata salamu? Nimewakosea nini?"

Kususwa nilikuwa nakujua. Nyumbani tunaishi kwenye nyumba aliyoacha bibi: mama, dada yake ambaye ni mama mkubwa wangu, na mie. Wao wawili hawasemeshani tangu arobaini ya bibi. Siku ile mama mkubwa alimkabidhi jirani sufuria la pilau apakue, akampita mama, mdogo wake wa tumbo moja, mbele ya watu. Kwetu hilo ni sawa na kumwambia mtu kwamba hayumo kwenye msiba wa mama yake. Tangu hapo wanaongea kwa kunipitia mie.

"Mwambie mama yako kanga zake zinanyeshewa."

Mama yupo hapo hapo, anachambua mchele. "Mwambie mama yako mkubwa nimeziona, sijawa kipofu."

Nami nipo katikati, nageuza shingo kama feni. Mjomba ni kaka yao, lakini ukimwambia awasuluhishe anasema ana majoka yanamsubiri.

Kilichonitia hofu ni kwamba mama alishaanza kuulizia chumba Kigamboni. Mwezi ukiisha anahama. Sasa mie nimfuate yeye aliyenizaa, au nibaki na huyu aliyenilea mama akishinda sokoni? Kila nikifikiria, kichwa kinakuwa kama nyuzi za mfumaji zilizochezewa na paka.

Ila tamthilia walikuwa wanaiangalia wote, tivii ni moja. Mama mkubwa ndiye alikuwa anaongea zaidi. "Watu hawa wana roho gani? Mtoto anasalimia!" Mama anajifuta macho kwa ncha ya kanga huku anajifanya anatazama dirishani. Nikaona hapa pana njia. Nikaanza kumwongezea binti maneno: "Kama nilikosea niambieni, msininyamazie."

"Hiyo haimo kwenye maandishi," mjomba akasema.

"Imo usoni mwake, mjomba."

Siku moja baada ya maneno hayo mama mkubwa alimgeukia mama kabisa, akafungua mdomo. Kisha akanigeukia mie akauliza kama chumvi ipo. Lakini niliona. Alitaka kusema.

Halafu ikaja ile asubuhi. Tuliwahi kabla fundi wa mageti jirani hajaanza kukata vyuma. Kwenye kioo kijana akafika ukingoni mwa ziwa, akapiga magoti mbele ya kaburi. Jiwe lina picha ya binti. Na binti mwenyewe kasimama pembeni, anaiangalia. Mjomba akasimamisha.

"Ana pacha?" nikauliza.

Akarudisha nyuma, akasoma polepole, midomo inamcheza. "Lahaula! Huyu alikufa kabla sie hatujaanza."

Sikuelewa. Yaani hawakumsusa? Walikuwa hawamwoni tu? Sasa wale niliowalaumu kwa sauti yangu wana kosa gani? Na wale mama zangu wawili nyumbani, wakishajua hakuna aliyemnyima binti salamu, si watarudi kulekule?

"Mjomba, tuseme kazimia."

"Kazimia na kaburi analo?"

"La bibi yake."

"Na picha? Unadhani wateja hawana macho?"

"Basi nibadilishe sauti. Mizimu inaongeaje kwani?"

"Nitajuaje mie? Ongea kama jana."

Nikaongea kama jana. Jioni nikaweka flashi kwenye tivii nikiwa na sahani ya mihogo mapajani, wala sikuigusa. Kaburi likatokea. Nikasubiri mtu anitume kwa mwenzie.

"Mie nilijua," mama akasema. "Huyu hajawahi kula."

"Muongo!" mama mkubwa akamrukia. "Ulijua lini, na wewe ndiye uliyekuwa unalia?"

"Nalia ndiyo. Marehemu haliliwi? Dada, nakwambia hajatia hata tonge mdomoni."

"Alikula kwenye harusi ya yule mfalme!"

"Alikaa tu kwenye mkeka!"

Mie shingo nimeshaigeuza kulia na kushoto, nimefungua mdomo nipeleke ujumbe, ujumbe wenyewe hakuna. Walikuwa wanaangaliana usoni, wanagombana kweli kweli, vidole vinarushwa. Nifurahi au niwaamulie? Nikabaki nimeshika rimoti.

"Anzisha upya," mama mkubwa akaniamuru. "Sehemu ya kwanza. Leo atanionyesha."

"Nakuonyesha, na hatuachi hata sehemu moja."

Mwezi uliisha. Kigamboni haijatajwa, wala pilau halijatajwa, wala sijasikia mtu akimwomba mwenzie radhi. Sijui hii tuiite amani au ugomvi mpya, na kuuliza naogopa. Naanzisha sehemu nyingine tu, nakaa pembeni.

"Hapo! Simamisha! Kanyanyua kikombe!"

"Kanyanyua, dada. Kanywa?"