Uzazi wa Kwanza wa Kokoto

Ukitaka kumuudhi mkunga yule mstaafu, mwambie kwamba ulijifungua kwa kisu. Hatakutukana. Atakutazama tumboni kama fundi anayetazama ukuta uliobomolewa bila sababu, kisha atakuuliza uchungu ulianza saa ngapi. Ukimtajia, atahesabu kwa vidole, acheke puani, aseme, "Walikuharakisha tu hao." Kwa miaka thelathini na mmoja alizalisha, kwanza kwenye wodi kubwa, baadaye kwenye zahanati ya vitanda vitatu na taa moja ya maana, na kazi aliyoiweza kuliko wote ilikuwa kungoja. Wenzake wakiona saa zinakwenda walikimbilia simu. Yeye alivuta kiti, akakaa, akamshika mzazi mkono, akanyamaza. Watu wakamwita Bi Taratibu, na jina likamganda.

Haki yake apewe: hakuna mama aliyemfia mkononi. Hata mmoja. Alilisema hilo kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye foleni ya maji, na mdogo wake, aliyekaa naye nyumba moja, alijua mpaka mahali atakapovuta pumzi.

Huyu mdogo mtu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba cha mbele, cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia na dirisha linalotazama gereji. Hakuolewa, na hakuwa na maneno mengi. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa, dada akamlea, na tangu siku hiyo mambo mawili hayakujadiliwa nyumbani humo: ugonjwa na uzazi. Dada akishasema, basi. Kwenye mengine walizozana kama watu wengine wote.

Na mbwa alikuwa wa fundi, si wa mkunga. Hili lieleweke mapema. Mteja mmoja alihama, akamwachia mtoto wa mbwa ndani ya kapu la vitambaa, miguu mifupi, manyoya ya rangi ya mchanga, mwili mdogo mgumu. Wakamwita Kokoto. Alikuwa na tabia ya kulala juu ya kanyagio la cherehani, na fundi, mwenye gauni la watu la kukabidhi jioni, alikaa akasubiri mpaka mheshimiwa aamke. Ukimuuliza kwa nini hamsogezi, alijibu kwamba kachoka. Mbwa, kwa kulala, kachoka.

Wazo la kumpandisha lilitoka ng'ambo ya barabara, kwa Spana, mwenye gereji. Spana alikuwa na dume lake, Jenereta, kifua kama pipa na kichwa kipana cha kuzibia mlango. "Mchanganyiko huo," alisema, "utatoa mbwa mwenye akili za mama na sauti ya baba. Mimi niwekeeni mmoja." Kinyozi naye akataka mmoja. Mwalimu wa kona akataka mmoja. Muuza dawa, dada yake muuza dawa, na watu wengine watatu ambao hawakuwahi hata kumrushia Kokoto mfupa, nao wakataka. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa umeshagawana watoto wasiokuwepo.

Fundi alisita. "Dada, hivi ni lazima?"

"Jike asiyezaa anaharibika mwili," alisema Bi Taratibu. Hakusema alikolitoa. Miaka miwili ya kustaafu ilikuwa imemchosha kuliko thelathini na mmoja ya kazi, mikono ilimwasha. Kokoto alipopata joto, wakampeleka gereji, na mambo yakaisha nyuma ya gari bovu huku Spana akigeuza uso kwa heshima.

Daktari wa wanyama alijua habari hizo baada ya wiki sita, fundi alipompeleka Kokoto kuchunguzwa na dada mtu akaandamana naye. Daktari mwenyewe alikuwa binti wa pale pale, na mikono iliyompokea duniani ilikuwa ya Bi Taratibu. Alitanguliza miguu, kwa hiyo kila walipokutana alikumbushwa. Alimpapasa Kokoto tumbo, akampapasa nyonga, akauliza baba ni nani. Alipotajiwa Jenereta aliacha kupapasa.

"Mngeniuliza kabla," alisema. "Huyu nyonga zake nyembamba. Dume lilipaswa kuwa saizi yake au dogo zaidi, na wote wawili wapimwe kwanza. Sasa yameshakuwa. Wiki ya nane mleteni tupige picha, tujue ni wangapi na vichwa vyao vikoje."

"Tumbo nalisoma kwa mikono," alisema Bi Taratibu. "Wanne."

"Inawezekana, Bibi. Lakini mikono haipimi kichwa." Daktari akamgeukia fundi, maana ndiye mwenye mbwa, akaandika namba ya simu nyuma ya kadi ya chanjo. "Akianza kusukuma kwa nguvu, ikapita nusu saa hajatoka mtoto, nipigie. Ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje hata hiyo nusu saa. Mlete."

Bi Taratibu alicheka kwa dhati. "Nusu saa? Mwanangu, wewe ulinichukua saa kumi na tisa."

Daktari naye akacheka, kwani utamfanyaje mtu aliyekukata kitovu. Kisha akasema taratibu, "Bibi, mbwa si mtu."

"Uzazi ni uzazi," alijibu Bi Taratibu, na njiani akasema vijana wa siku hizi wanasomeshwa hofu. Wiki ya nane ilifika, ikapita, na picha haikupigwa. Fundi alikumbusha mara moja, wakati wa chai. Dada alimwangalia tu.

Siku ya sitini na mbili Kokoto alikataa chakula na kuchana matambara yote kwenye boksi lake. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alianza kusukuma. Bi Taratibu alikuwa tayari: maji ya moto, mkasi uliochemshwa, taulo safi, uzi kutoka kwa fundi. Alivuta kiti mpaka kwenye boksi, akakaa. Fundi alikaa sakafuni upande wa pili, simu mapajani. Kwa kweli asubuhi hiyo Bi Taratibu alikuwa na furaha, na hakuificha. Alimsifia Kokoto kila alipobana misuli. Alisema mzazi wa kwanza haharakishwi, anafunguka kwa wakati wake, na mwenye kumvuruga ni yule anayemsimamia akitetemeka.

Saa nne hapakuwa na kitu. Saa tano vivyo hivyo, isipokuwa Kokoto alikuwa ameacha kumtazama mkunga, anamtazama fundi. Fundi alisema, "Daktari alisema nusu saa."

"Kasema. Na mimi nasema ngoja."

Karibu na saa sita yakatoka maji ya kijani, si mengi, ya kulowesha kiganja. Bi Taratibu aliyafuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama, akakikunja, sehemu iliyochafuka ikabaki ndani. Alisema ameshaona ya kijani mara nyingi, na watoto wakatoka wakilia. Hilo lilikuwa kweli. Hakusema kwamba mara hizo zote alikuwa na daktari chumba cha pili.

Saa saba Kokoto aliacha kusukuma. "Anapumzika," alisema mkunga. "Anakusanya nguvu." Alilisema mara mbili, mara ya pili hakuna aliyemuuliza. Saa nane aliinua mdomo wa juu wa mbwa kwa kidole gumba, akaona fizi, nyeupe kama chaki. Akaweka mkono tumboni na kuuacha hapo muda mrefu. Kisha akasimama, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. "Mwite Spana alete gari."

Spana aliendesha bila utani hata mmoja. Fundi alimpakata Kokoto amefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha maua kilichokuwa kiwe sketi ya mtu. Daktari aliwapokea mlangoni, akamtazama Kokoto kwa sekunde mbili, akamchukua, akawafungia nje.

Mtoto wa kwanza alikuwa amekwama, kichwa cha baba yake kwenye nyonga za mama yake, na alikuwa ameshakufa saa nyingi. Nyuma yake walikuwepo watatu hai. Jumla wanne, mikono ya Bi Taratibu ilikuwa imesoma sawasawa. Kizazi kilikuwa kimechanika. Daktari alikishona, akamwongezea maji, akafanya kila alichofundishwa, na kabla ya saa kumi alasiri Kokoto akafa mezani.

Daktari alitoka akiwa bado amevaa glavu. "Kama mngefika saa nne," alianza, akamwona Bi Taratibu, akaishia hapo. Ilikuwa adabu tu iliyomzuia, na mkunga aliijua adabu hiyo, kwani aliwahi kuitumia kwa wengine.

Sasa, mtu akifikiri kwamba mbwa akifa kazi imekwisha, hajalea watoto watatu wasio na mama. Maziwa ya ng'ombe hayafai. Daktari aliwapa ya unga, ya kupimwa kwa kijiko. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, chupa ndogo, tumbo chini kichwa juu, polepole yasiingie mapafuni. Baada ya kula, unamsugua kila mmoja kwa pamba yenye maji vuguvugu ili ajisaidie, maana mama huwalamba na wenyewe hawawezi. Chupa za maji ya moto zibadilishwe kabla hazijapoa. Wanawake hao wawili waliifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki wakipokezana kama manesi wa zamu, na walizungumza kila siku: huyu kala, huyu kaharisha, maziwa yamebaki kidogo. Habari ya siku ile hawakuigusa. Fundi hakulia mbele ya dada yake, na dada yake hakuomba radhi. Aliacha pia kuongea kwenye foleni ya maji. Watu wakadhani anaumwa.

Wiki ya nane wale waliojigawia walianza kubisha hodi, si wote, kwani mbwa wa bure akishazaliwa hupungukiwa na ndugu. Bi Taratibu aliwapokea kwa maswali. Nani anabaki nyumbani mchana? Akiugua utampeleka wapi? Ukihama? Mwalimu alikiri kwamba anaondoka alfajiri na kurudi jioni, akaambiwa anunue redio. Kinyozi alijibu vizuri, akapewa. Muuza dawa akapewa, baada ya kurudishwa mara mbili. Fundi aliulizwa kama angependa kubaki na huyo wa tatu, wa rangi ya mchanga. Akasema hapana, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa anashona.

Akaja Spana kumchukua. Alikubali masharti yote, hata lile la Jenereta kuhasiwa, ingawa hapo alishika fremu ya mlango. Akamtia mtoto kifuani, ndani ya ovaroli, akasimama bila kuondoka, kama watu wanavyosimama wakitaka kufariji na hawajui pa kuanzia.

"Msikate tamaa," alisema. "Uzazi ni bahati. Kuna mtu namjua ana jike zuri, nimwambie awaletee. Safari hii Mungu atajalia."

"Haikuwa bahati," alisema Bi Taratibu. "Nilimuua mimi. Niliambiwa nusu saa, nikamngojesha kwa muda wa saa tano. Nilijua saa sita, nikaona haya kusimama."

Spana aliangalia chini, akasema pole, akavuka barabara na mtoto wake. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Bi Taratibu alibaki amesimama katikati ya chumba, akingoja mdogo wake amwambie chochote, hata neno baya. Miezi miwili alikuwa amejiandaa kwa neno hilo.

"Saa nne nilipiga," alisema fundi.

"Ulipiga nini?"

"Simu. Nilibonyeza namba ya daktari, ikaanza kuita. Nikakuangalia, nikaikata. Akapiga yeye, nikazima kabla haijalia."

Bi Taratibu alikaa juu ya furushi la nguo za wateja. "Kwa nini?"

Fundi alikuwa anatafuta ncha ya uzi, haioni. "Angekuja, ungeaibika mbele ya mtoto uliyempokea duniani," alisema. "Nilikuonea haya wewe, dada, kuliko nilivyomhurumia Kokoto. Na alikuwa ananitazama mimi."