Dobi Asiyebeba Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini sikufua hata soksi. Msimamizi wa dobi, yaani idara ya kufua, katika hoteli ile ya mtaa wa Thongpiny mjini Juba, mama mrefu ambaye wote tulimwita Madam, alinisimamisha mbele ya meza ya mbao na kuniambia nikague mifuko. Nilikuwa nimetoka Kitale na barua zangu za sifa, nimefua katika hoteli mbili kubwa, na sasa naambiwa nipekue suruali za watu kama askari wa kizuizi cha barabarani. Nilinuna waziwazi.

"Madam, mimi mashine nazijua," nikamwambia.

"Mashine kila mtu anazijua, Baba Neema. Hapa kwangu watu huanza na mifuko."

Alikuwa mtu wa Juba aliyesoma Kenya miaka ya vita, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, ila akikasirika alirudi kwenye Kiarabu cha nyumbani.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, na mashine zenu zinazojizima zenyewe, mtacheka kusikia mtu mzima alikaa mwaka mzima kwenye meza ya mifuko. Lakini hapo ndipo dobi lilipolindwa. Kila nguo ilipita pale kabla ya kutengwa kwa rangi na uzito. Funguo zilikwaruza mashine, karatasi za pua ziliacha manyoya, na hayo yote yalivumilika. Adui alikuwa kalamu. Kalamu moja ikiingia na mashuka meupe kwenye maji ya moto, mashine ikafika hatua ya kukamua, yaani kuzunguka kwa kasi ili maji yatoke, wino hufika kila mahali. Ndiyo maana Madam aliweka sheria kwamba hakuna mfanyakazi anayevuka mlango wa dobi na kalamu. Namba za vyumba zilishonwa tayari kwenye vitambaa vidogo, sisi tulibana tu kwa pini. Kalamu za wageni niliziweka kwenye kopo la maziwa, na jioni zilirudishwa mapokezi.

Sheria hiyo iliniuma mimi kuliko wenzangu, kwa sababu mimi hutunga nyimbo. Sijawahi kulipwa kwa wimbo, na wala sikutaka. Lakini kanisani kwetu New Site kulikuwa na kwaya ya Waganda, Wakenya na wenyeji, na nilikuwa nimewaahidi wimbo mpya kila Ijumaa ya mazoezi. Mke wangu alisema najitafutia presha. Nyimbo zenyewe zilichagua saa mbaya, maana zilinijia mikono ikiwa na kazi. Mashine ikianza kuloweka nilipata mstari wa kwanza, na ikifika kukamua ubeti ulikuwa umekamilika. Niliimba kwa sauti tu, mvuke ukinifunika, na hakuna aliyelalamika.

Basi ikaja kazi ya Rejaf, nje kidogo ya Juba. Watu wa huko walikuwa wamerudi kutoka kambi za wakimbizi na walikuwa wanafungua tena kanisa lao dogo, wakaiomba kwaya yetu iende na wimbo. Nilitaka uwe wimbo wangu bora. Beti mbili zilikaa kichwani vizuri. Jumatano ubeti wa tatu ukanijia mchana, mzuri kiasi kwamba niliogopa kuupoteza. Nikauimba mara tatu, nne, halafu nikafanya ujinga. Nilichukua kalamu kwenye kopo, nikauandika kwenye karatasi ya dobi, na vyote viwili nikavitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Jioni tulivua aproni kama kawaida, zikatiwa mashine pamoja na vitambaa vya meza vya mkutano wa kesho yake. Mimi, mkaguzi wa mifuko, nilikagua mifuko yote ya hoteli isipokuwa wangu.

Asubuhi Madam alikuwa ametandaza vitambaa kumi na viwili sakafuni, vyote na madoa ya buluu.

"Nani alikuwa kwenye mifuko jana?"

Drani, mpiga pasi wetu kutoka Arua, akawahi kunifunika. "Madam, hata mimi ilikuwa hapo. Hiyo makosa ni ya sisi wote."

"Ni yangu," nikasema. "Nilikuwa naandika wimbo."

Akanigeukia. "Wimbo."

"Ndiyo, Madam."

"Kalas, basi. Leta spiriti."

Alinionyesha mwenyewe, akiwa amepiga magoti, jinsi ya kuweka kitambaa kikavu chini na kugonga doa kutoka nyuma ili wino utoke ulikoingia. Tukiwa hapo Meneja Mkuu akaingia na kusema niandikiwe barua ya kuachishwa kazi siku hiyohiyo. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Madam hakuinuka.

"Bosi, huyu hatasahau mfuko tena maisha yake yote. Ukinipa mtu mpya, kosa lake bado liko mbele."

Meneja akaondoka, na barua haikuandikwa. Tuliokoa vitambaa tisa. Mchana Madam aliniita kwenye kiofisi chake, kilichotengwa na chumba cha mashine kwa ubao mwembamba.

"Nyimbo sikukatazi," akasema. "Kalamu nakukataza. Mara ya pili sitapiga magoti kwa ajili yako."

Karatasi yangu ilitoka kwenye mashine ikiwa uji. Nilidhani ubeti nitaukumbuka, lakini nilipouandika kichwa kiliuacha, na haukurudi. Rejaf tuliimba beti mbili. Watu walilia, wakatushukuru, wakatulisha samaki, na mimi njia nzima ya kurudi nilijua wimbo una kidonda.

Tangu siku hiyo nilitunga bila kalamu. Nilijiwekea sheria kwamba mstari usioweza kukaa kichwani kutoka Thongpiny hadi New Site, juu ya bodaboda na mashimo yale, haufai kwa kwaya. Nyimbo zikawa fupi na nyepesi, na watu wakazishika haraka. Wakanisifu, na sifa hizo nasema wazi ni za Madam. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, sijaona mwingine aliyejua kumkaripia mtu bila kumvunja.

Siku ya kustaafu kwangu walileta chai na mandazi chumba cha mashine. Meneja, ambaye sasa alikuwa mwingine, alisema maneno yake. Kisha Madam akasimama, naye nywele zimekuwa nyeupe.

"Malesh, mnisamehe, sauti sina," akasema, na akaanza kuimba, kweli vibaya:

*Na yule ambaye hajarudi,*
*mwekeeni nafasi,*
*benchi la nyuma, karibu na mlango,*
*akifika apate kukaa.*

Ulikuwa ubeti wangu wa tatu.

"Madam, uliuandika?"

"Niandike na nini? Kalamu si nimekataza? Ule ubao ni mwembamba, Baba Neema. Uliuimba siku ile nikausikia."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Ungejua nasikiliza, ungeanza kuniimbia mimi." Akaweka kikombe chake cha chai mezani. "Na nina kaka. Alivuka mto wakati wa vita. Ubeti ule nilikuwa nauhitaji."

Sasa ninazo kalamu nyumbani, nyingi, na saa zote za kuandika. Wimbo ukinikataa natoka nje na beseni nafua mashati yangu. Lakini Jumapili ile baada ya kustaafu tuliimba wimbo wa Rejaf na beti zake tatu, hapo New Site, na Madam alikuja. Alikaa benchi la nyuma. Tulipofika ubeti wa tatu nilimwona akijisogeza kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa mlango.