Kopo Linalohesabu

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kigoma, kliniki ya Fittja, hapa Sweden, nikamtafsirie. Yumo kwenye utafiti wa wagonjwa wa presha. Wamempa kopo la vidonge ambalo hurekodi kila linapofunguliwa, ili wajue nani anameza dawa na nani anasahau.

Nesi alitazama kompyuta akatabasamu. "Kila asubuhi saa moja. Hajakosa hata siku moja." Kisha akampima, tabasamu likaisha. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Daktari akaitwa, akakuna kidevu, akaongeza dozi iwe vidonge viwili kwa siku.

Kituoni, tukisubiri treni, mama alitoa mkobani soksi ya mtoto iliyofungwa fundo, imejaa vidonge.

"Vya dada yangu kule Kigoma. Kuna mtu anasafiri Jumamosi."

"Na kopo unalifungulia nini?"

"Si walisema nilifungue kila asubuhi? Nalifungua, natoa kimoja, natia humu."

"Na wewe mwenyewe, mama?"

"Mimi niko Sweden, mwanangu. Nikianguka, gari la wagonjwa litakuja. Yeye akianguka, nani atamwokota?"

Akahesabu kwa vidole. "Viwili kwa siku," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Sasa hata shemeji atapata."

Watafiti wataandika kwamba mgonjwa ni mtiifu na dawa ni dhaifu. Namba ya nesi ninayo kwenye simu wiki nzima, na sijajua bado, nikipiga, namwokoa nani.