Mfalme wa Ndani ya Kaseti

Wa kwanza kuniambia kwamba ule si mchezo alikuwa kaka yangu. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na sita, na tulikuwa tumeketi chini kwenye saruji ya sebule yetu, mtaa wa Makiso mjini Kisangani, nyuma ya posta ambako baba alikuwa karani. Tonton, mdogo wake baba, alikuwa amerudi kutoka Bujumbura na mashine nyeupe ya plastiki ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti tatu. Moja ilikuwa ya mpira. Ya pili ilikuwa ya ndege za kivita. Ya tatu iliandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, na ukiiwasha humpigi mtu, huruki, hukimbii. Unamwona kijana mwenye upanga amesimama kijijini, anazunguka anaongea na watu.

"Hii haiko mchezo," kaka akasema, akaichomoa. "Hii iko kitabu. Tena kitabu chenye hatuwezi kusoma."

Akaitupa kwenye kiti, akaweka ya mpira. Nikaiokota. Tangu siku ile nimebishana na watu wengi kuhusu michezo ya namna hii, na bado sijaona aliyenishinda.

Kaka akienda chuoni, mchana ulikuwa wangu. Televisheni yetu ilikataa rangi za mashine ile, kwa hiyo dunia nzima ya kaseti, misitu, mito na majumba, niliiona ya kijivu. Haikunisumbua. Mnyama akitokea njiani, kila kitu kinasimama na kisanduku cheusi kinafunguka na mistari minne ya maandishi. Hakuna anayekuharakisha. Unaweza kwenda kuangalia pondu, majani ya mihogo, motoni, ukarudi, mnyama bado anakungoja uchague. Mimi nilikuwa nachagua mstari mmoja mmoja ili nijue unafanya nini. Nikiona mnyama anaungua, naandika zile ishara kwenye daftari langu la jiografia na pembeni naandika: moto. Nikiona kijana amepona: dawa. Nikiona kijana na kikosi chake kizima wametoka mbio: kimbia. Na ukitaka kuzima mashine bila kupoteza safari yako, padri wa kijiji anakupa mstari mrefu wa ishara uzinakili. Ukikosea kinukta kimoja, kesho yake anakukatalia. Nilijifunza kuandika kwa uangalifu kutoka kwa padri yule wa kijivu, si kutoka kwa masista wa shule yangu.

Koko, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Yanonge kutibiwa goti. Alikaa kwenye mkeka akimenya karanga, akitazama.

"Huyu mutoto anatembea tangu asubuhi," aliniuliza siku moja. "Anakula wapi?"

Nikamwambia hali chakula, analala tu katika nyumba za wageni.

"Na mama yake iko wapi?"

Sikujua. Lakini nikatazama picha, nikafikiri, nikamjibu kwamba mama yake alimsindikiza hadi mlangoni bila kulia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuisimulia. Kaseti ilinipa picha, ishara chache na matendo; mimi nikaweka Kiswahili. Mama jirani, mtu wa Kindu, akaanza kuja na binti zake wawili. Halafu majirani wa ng'ambo ya barabara. Jumapili baada ya misa sebule ilijaa, kila mtu na kigoda chake, na kaka alilazimika kwenda kucheza mpira wa kweli.

Sasa niseme wazi ninachofikiri. Mchezo wa mpira haukuambii lolote kuhusu kipa. Katika kaseti ile hata muuza dawa alikuwa na huzuni yake. Ukirudi kwake baada ya kijiji kuungua, haongei tena maneno yale ya kwanza. Kuna waliosema michezo hii inachosha kwa sababu unapiga vyura wale wale mara mia ili upate nguvu. Ni kweli, inachosha. Hata kupalilia mihogo kunachosha. Kilichoniudhi ni kitu kingine: msichana pekee wa kikosi alipewa fimbo na kazi ya kuponya wanaume. Nikamnunulia upanga, mchezo ukamkatalia kuushika. Basi nikampanga mbele ya wote, apigane kwa fimbo. Alikufa mara nyingi sana. Kila mara nilimfufua na kumrudisha mbele. Na miaka ya baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilicheza hata ile isiyo na vita kabisa, ambapo picha imesimama, maneno yanapita, kisha unaulizwa tu: unamwambia nini mtu huyu? Mwalimu mwenzangu alicheka, akasema hapo hakuna kazi. Nikamwambia achague mara moja maishani mwake mbele ya watu, halafu anieleze kama si kazi.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya mfalme.

Mfalme huyu ndiye aliyemtuma kijana tangu mwanzo. Kila ukirudi kwenye jumba lake unamkuta kitini, ndevu hadi kifuani, watumishi pande zote. Koko hakumpenda. "Mufalme wa kukaa tu," alisema, "na mito yake inakauka." Jumapili moja tulifika tena mbele yake na vito vyote alivyotuagiza. Kiti kikatikisika, na mfalme akageuka mnyama mwenye vichwa vitatu. Yeye ndiye aliyekuwa akinywa mito tangu zamani. Sebule ililipuka. Mama jirani alisimama juu ya kigoda.

Jumamosi iliyofuata, kwenye salongo, tulipokuwa wote tunazibua mitaro kwa amri, hadithi ilitembea kutoka jembe hadi jembe. Mfalme anakunywa mito! Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama naye ana kofia ya manyoya ya chui, kama ile ya rais. Watu wakacheka, halafu wakainamia majembe haraka.

Kesho yake mkuu wa chama tawala katika mtaa wetu aliingia kwetu. Alivaa suti ya abakosi nyeusi iliyofungwa hadi shingoni, na beji kifuani. Majirani wakajisogeza ukutani. Baba alisimama akiwa bado na singlendi, akatafuta shati lake kwa mkono bila kumwondolea mgeni macho.

"Citoyen," mkuu alimwita baba, yaani mwananchi, "banasema kuko habari ya mufalme hapa. Mufalme gani?"

"Mambo ya watoto, citoyen président. Mashine tu."

"Nani anaisimulia?"

"Ni mimi, papa," nikamjibu mkuu kwa heshima.

"Unajua Kijapani?"

"Kidogo."

"Donc, basi ni wewe unatunga."

"Picha siitungi, papa. Ukae uangalie mwenyewe."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini nilipokwisha kusema, sikutaka kurudisha. Nikamsogezea kiti, nikamwekea kidhibiti mikononi, nikamwonyesha kitufe cha kukubali na kitufe cha kushuka. Niliingiza ishara za padri, na tukawa mbele ya kiti cha mfalme. Kabla ya kugeuka mnyama, mfalme huuliza swali. Nilishalifahamu kwa kulijaribu: anataka upige magoti na uwe mtu wake. Mstari wa juu ni ndiyo, wa chini ni hapana.

"Anauliza nini?" mkuu akauliza.

"Anauliza kama utamtumikia."

Alitazama watu ukutani. Watu walimtazama. Akabonyeza mstari wa juu.

Skrini ikawa nyeusi yote. Ikatokea sentensi moja fupi, halafu muziki wa polepole, halafu hakuna kitu. Aligonga vitufe vyote.

"Imeharibika?"

"Hapana, papa. Imeisha. Ukimkubali, safari inaishia hapo."

Kisha Koko akacheka pale mkekani, kicheko kirefu cha mtu mzee asiyejali, hadi karanga zikamwagika.

Mkuu alichukua mashine na kaseti zote kwa ajili ya uchunguzi. Aliacha sharti moja: niandike barua kwamba nilitunga uongo ili kuchekesha watu, na niisome mbele ya bendera shuleni.

Baba aliniwekea karatasi mezani mara tatu wiki ile. Hakunifokea, na afadhali angefoka.

"Mutoto wangu, ni karatasi moja tu."

"Papa, siyo mimi nilimugeuza mnyama."

"Najua."

"Basi niandike nini?"

Mama aliniomba. Kaka, ambaye hakuwa amewahi kuipenda kaseti ile, aliniambia niandike kwa sababu haina maana kuumia kwa kitabu cha watu wa mbali. Sikuandika. Shuleni nilisimamishwa wiki mbili. Mwezi uliofuata baba alihamishiwa posta ya Ubundu, mwisho wa reli, kwenye meza isiyo na barua. Hakuna aliyetuambia kwamba ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyehitaji kutuambia. Mama alianza kuuza makemba, ndizi za kupika, mbele ya nyumba. Nililia sana miezi ile, nikiwa na hasira kwa mkuu, kwa mfalme, na kwa nafsi yangu. Lakini jioni majirani wakiniuliza habari zilizobaki, nilifungua daftari la jiografia, nikawasimulia bila mashine. Nilisema kwa sauti ile ile, na mlango ukiwa wazi.

Tonton ndiye aliyekwenda kudai. Alikuta watoto wa mkuu wanacheza mpira kwenye mashine yetu, wala hawakuiachilia. Kaseti ya Kijapani walimpa bila ubishi, hakuna aliyeitaka. Kaka, bila kuniambia, akamwomba mwanafunzi mwenzake mashine kwa siku tatu. Aliileta chini ya koti, akaiweka mbele yangu, akaondoka. Ndivyo nilivyomaliza mchezo. Vichwa vitatu viliangushwa kimoja kimoja, na cha mwisho kilianguka kwa fimbo ya yule msichana. Nimesimulia jambo hili mara nyingi, na watu husema naongeza chumvi. Siongezi.

Likizo ilipofika nilivuka mto hadi Lubunga, nikapanda treni kwenda Ubundu. Baba alikuwa amekonda. Alikaa kwenye chumba kimoja karibu na mto, na alijifunza kujipikia vibaya. Tulikula samaki na lituma ya ndizi za kupondwa, tukaongea habari za nyumbani, za goti la Koko, za mama na wadogo zangu. Alipomaliza kunawa akaniuliza:

"Na yule mufalme? Iliisha namna gani?"

Nikamweleza yote, hadi mito iliporudi. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayesomewa telegramu.

"Mimi ningebonyeza ndiyo," akasema. "Niko na watoto sita."

"Papa, ukibonyeza ndiyo inazimika. Lakini unaweza kuanza tena."

"Kule kwa kaseti, oui. Hapa, hapana."

Nilimwambia tu kwamba wakinipa tena karatasi ile, sitaiandika, na kwamba naomba msamaha kwa chumba hiki na si kwa kitu kingine. Baba akasema samaki wa Ubundu wana mafuta kuliko wa Kisangani, akanisukumia kipande kilichobaki.