Mtu Aliyeachwa Nje ya Ushuhuda

Kabla hajaokoka, Mithika alikuwa dereva wa pikapu za miraa, na watu wa mji wa Maua walimjua kwa mbio zake. Mwaka ule wa mvua ya El Niño, akirudi kutoka Nairobi na gari tupu, usukani ulimshinda kwenye kona yenye matope nje kidogo ya mji. Pikapu ilibingirika ikalalia ubavu mtaroni. Milango ilikwama, petroli ikaanza kumwagika, kisha moshi ukatoka. Mithika alikuwa amezirai ndani.

Aliyemtoa ni Duale, Msomali mwenye duka la magodoro karibu na stendi, ambaye alikuwa akipita na mzigo wake. Watu wengine walisimama mbali wakiogopa moto. Duale alivunja kioo kwa mkono, akajipenyeza nusu ya mwili, akamshika dereva mabegani na kumvuta mpaka akamtoa. Haukupita muda gari likawaka. Hayo yote Mithika aliyasikia kwa mkewe, Kanana, alipozinduka hospitalini. Kanana alimwambia pia kwamba kioo kilimkata yule mtu vibaya mkononi, na kwamba Mithika akipona itawabidi waende kumshukuru.

Mithika alikusudia kwenda. Kwanza alingoja mguu upone. Kisha akaona haifai kwenda mikono mitupu, akangoja mbuzi wake anenepe. Mbuzi akaishia kwenye karo ya binti yao, Mukiri. Kufikia hapo miezi ilikuwa imekuwa mingi, na alipolikaribia duka lile alivuka barabara akapitia upande wa pili. Kanana alimkumbusha mara kadhaa, halafu akachoka.

Lakini alimshukuru Mungu, tena kwa moyo wote. Aliacha miraa, akaokoka, akarudi kulima chai na viazi vikuu kwenye shamba la babake. Kanisani hakuna kazi iliyomshinda. Alifika kabla ya wengine akafagia, akagongelea viti vilivyolegea misumari, akachimba kaburi la mjane asiye na watoto. Hata uzee wa kanisa alipewa kwa sababu hiyo.

Na alitoa ushuhuda. Siku ya kwanza alisema kwamba mtu fulani alimvuta kutoka motoni. Watu waliitikia amina ya kawaida. Mara ya pili, akiwa amepandwa na hisia, alisema Mungu alimtuma malaika. Cicily, mama mzee aliyekaa siku zote benchi la mbele, alisimama akapiga vigelegele, na kanisa zima likamfuata. Tangu hapo aliyemwokoa akabaki malaika. Wageni walipokuja, mchungaji Elphas alimwita mbele asimulie, naye alisimulia vizuri zaidi kila mwaka. Kanana alikuwa akitazama chini mpaka amalize.

Mithika mwenyewe hakuhesabu kwamba anasema uongo. Alijiambia kwamba malaika anaweza kuwa mtu yeyote. Ila usingizini, baada ya kila ushuhuda, aliona kioo.

Jumamosi moja wazee wa kanisa walikwenda hospitalini kuombea wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Kwenye pembe ya wodi ya wanaume, mwanamke mwenye buibui alikuwa akimlisha baba yake uji. Aliwaambia kwa adabu, "Baba yangu ana dini yake, wazee. Lakini kama mnataka kumsalimu, msalimieni."

Mithika alinyoosha mkono. Mgonjwa akatoa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi, vidole vimejikunja, na kovu limepanda mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe ni yule dereva," Duale alisema. "Mguu ulipona?"

Mithika alisema ulipona. Wenzake walisogea kwenye kitanda cha pili, yeye akabaki. Binti yule, Waris, alimtazama kwa makini, kisha akamwambia kwamba mkono ule haujashika kitu tangu siku ile ya ajali. Mamake alikuwa akimfunga babake vifungo vya shati mpaka alipofariki, na sasa ni yeye. Hakuinua sauti. Aliongeza kwamba mwaka wa kwanza baba yake alikuwa akiuliza watu wa stendi kama dereva wa pikapu alipona, maana hakuna aliyekuja kumwambia.

Mithika aligeuka kutoka, kisha akarudi kando ya kitanda. Akajikaza akasema, "Mzee, huko kanisani nimekuwa nikisema niliokolewa na malaika."

Duale akasema, "Malaika haumwi mkono, dereva." Akageuza uso ukutani, na Waris akaendelea kukoroga uji.

Kesho yake Mithika aliomba nafasi mbele ya kanisa. Alisema aliyemtoa garini ni Duale, muuza magodoro, kwamba alilijua jina hilo tangu alipozinduka hospitalini, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakwenda hata kumsalimu. Hakuna aliyeitikia amina. Mchungaji aliomba wimbo uanzishwe. Ibada ilipokwisha Cicily alimshika mkono mlangoni, machozi yakimlengalenga, akamwambia kwa huzuni, "Ungetuachia tu vile ilivyokuwa." Kanana peke yake alitembea naye nyumbani, bega kwa bega.

Duale alipona homa ya mapafu iliyomlaza akarudi dukani. Mithika alikwenda na Kanana, wakamshukuru wakiwa wamesimama, naye akawakaribisha chai ya maziwa. Hakusema amesamehe, wala hakukataa. Alisema tu magodoro mapya yamefika na yanahitaji kupandishwa juu.

Mithika aliyapandisha. Akarudi siku ya soko iliyofuata, na nyingine, akifungua milango mizito ya chuma asubuhi na kuteremsha mizigo. Kanisani bado anafagia, ila ushuhuda hatoi tena. Akiombwa kuongoza sala anamshukuru Mungu kwa maneno machache, kisha anarudi kuketi, kwa sababu ni katika kushukuru ndipo anaona aibu zaidi. Duale humpigia hadithi za kwao Garissa wakiwa kazini. Waris humjibu salamu kwa neno moja, na Mithika hajawahi kutarajia la pili.