Mkoromo Mbele ya Mkwe

Kwetu, upande wa Molo, mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Nililijua hilo vizuri, na bado nikaja mjini kukaa kwa binti yangu, mtaa wa Kaptembwo, alipojifungua, kwa sababu mjukuu ni mjukuu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vilivyotenganishwa na mabati. Mkwe wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akinisalimia huku ameangalia mlango.

Usiku binti yangu akawa ananiamsha. "Mum, geuka." Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka nikachoka. Nikajua ni yule bwana anayemtuma, amechoshwa na mkoromo wangu. Nilikasirika sana. Nimekoroma tangu ujana, na marehemu mume wangu hakuwahi kulalamika! Nikamsema kwa jirani, kisha nikaanza kukunja nguo zangu nirudi nyumbani.

Kabla sijaondoka, nikasinzia mchana peupe nimempakata mtoto. Binti yangu alimdaka akianza kuteleza. Akasema sitamshika tena mpaka nionwe na daktari. Maneno hayo yaliniuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Siku ya kwenda kliniki mtoto alikuwa na homa, kwa hivyo aliyenisindikiza ni mkwe. Alibaki nje kwenye benchi, nami nikashukuru.

Daktari alikuwa msichana mwenye haraka zake. Akanipima presha, akanizungushia shingoni utepe kama wa fundi wa nguo, akaniambia nifungue mdomo nitoe ulimi bila kusema kitu. Akamulika tochi.

"Mathe, koo yako imebana huku nyuma, na shingo ni nene. Lakini kwa kuangalia tu siwezi jua. Itabidi upimwe ukiwa umelala. Saa hii niambie, nani hukusikia usiku?"

"Hakuna," nikasema.

"Na nani amekuleta?"

Macho yakanienda mlangoni. Akaufungua, akamwita mkwe.

Aliingia akanikuta kitambaa kimenitoka kichwani, mate kidevuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Huyu mama hukoroma aje?" daktari akamuuliza.

Mkwe akaangalia sakafu. "Daktari, kukoroma si shida. Shida ni akinyamaza. Mimi siwezi ingia kwa chumba yake, ni mama mkwe wangu. Kwa hivyo mimi hukaa macho nikisikiza. Akinyamaza sana, naamsha bibi yangu aende amgeuze."

Uso uliniwaka. Kumbe mtu niliyekuwa nikimsengenya alikuwa akikesha kwa ajili yangu, halafu asubuhi anaenda kazini. Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu.

"Hunyamaza aje? Nionyeshe," daktari akamwambia.

Akanigeukia. "Nisamehe, mama," akaniambia. Akafumba macho, akakoroma, mkoromo mzito wa mama mzima, mbele ya mwenyewe. Daktari hakucheka. Kisha mkoromo ukakatika. Kifua chake kikahangaika kuinuka, na hewa haikuingia. Tukangoja. Mishipa ikamtoka shingoni, na bado hakupumua.

Nikajikuta nimesimama, nimemshika mkono mkwe ambaye sikuwa nimewahi kumgusa, nikimwambia, "Pumua, mwanangu. Tafadhali, pumua."